Gari yangu ina tarehe mbili za kuzaliwa

Wiki hii peke yake nimeulizwa na watu watatu swali lile lile, kuagiza gari Japani inakuwaje na ikishafika inahitaji nini mpaka itembee barabarani kihalali, na wote nimewajibu kwa voisi za WhatsApp za dakika saba saba mpaka koo likakauka. Sasa leo Jumapili, nimekaa hapa kwetu Chikongola, Mtwara, gari ipo chini ya mwembe na mimi nina kikombe cha chai, nimeamua niandike yote niliyoyapitia ili anayeuliza tena nimpe hii asome. Itakuwa ndefu, nivumilie, maana kuna sehemu moja ya hii habari iliniuma na sitaki imuume mtu mwingine wa huku kusini.

Mimi niliagiza mwanzoni mwa mwaka 2023. Hela ilikuwa ya korosho, sehemu yangu na sehemu ya mjomba wangu wa Nachingwea, yule kaka yake mama ambaye kwetu huku ukitaka kufanya jambo kubwa bila kumshirikisha ni sawa na hujafanya. Msimu ule mnada ulivyoisha na hela zikaingia benki kupitia chama cha msingi, mjomba akanipigia akasema, "Mjomba, mimi nimechoka kubebwa na bodaboda kwenda hospitali na magunia kukodi fuso, tafuta gari." Ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, ndo tulivyo.

Tukachagua Toyota Sienta. Wapo walionicheka wakasema kwa nini usichukue IST, lakini sisi ni watu wengi. Sienta ina siti saba, milango ya nyuma ya kuteleza, ukilaza siti za nyuma unaweka magunia yako vizuri tu, na injini yake ni ile 1NZ ya sisi (cc) 1,496 ambayo fundi yeyote wa Mtwara au Lindi amekwisha ifungua akiwa amefumba macho, spea zake zipo madukani, huna haja ya kutuma mtu Kariakoo kila kitu kikiharibika. Hilo la spea usilidharau. Huku kwetu gari nzuri ni ile ambayo fundi wa jirani anaijua.

Kwa nini Japani na siyo kununua iliyopo tayari Dar? Ni bei, halafu ni hali ya gari. Wenzetu wale wana ukaguzi wa lazima wa serikali unaitwa shaken, gari ikiwa mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu halafu baada ya hapo kila miaka miwili, na unagharimu, kwa hiyo mtu gari yake ikifika umri fulani anaona bora aiachie kuliko kuilipia ukaguzi mwingine. Ndo maana unakuta gari ya miaka kumi, kilomita elfu sabini, haina hata mkwaruzo wa maana, inauzwa bei ambayo huku hupati hata pikipiki mbili mpya. Na wao wanaendesha kushoto kama sisi, usukani upande wa kulia, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha.

Nikawa nakesha kwenye simu. Mke wangu anasema ule mwezi nilikuwa naongea na magari kuliko naye. Nilijifunza kusoma ile karatasi ya mnada, kila gari inayopita mnadani kule inapewa alama, 4 ni nzuri, 4.5 nzuri zaidi, 3.5 inavumilika, ukiona R ujue iligongwa ikatengenezwa. Halafu kuna mchoro wa gari wenye herufi, A ni mkwaruzo, U ni pale pamebonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Hiyo S ndo niliyokuwa naiogopa, maana kule kaskazini kwao wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na ile chumvi inakula chuma cha chini, na sisi tunaishi na upepo wa bahari, ukileta gari iliyoanza kuoza kwa chumvi ya Japani ukaja kuimalizia kwa chumvi ya Shangani haikai. Mwombe muuzaji picha za chini ya gari. Asiyetaka kukutumia picha za chini, achana naye.

Nikaipata ya rangi ya fedha, alama 4, chini safi kabisa. Kwenye tangazo imeandikwa 2013/1.

Hapo ndo pa kukaa tuongee vizuri.

TRA, wale wa mapato, wana kikokotoo chao cha kodi mtandaoni, ni bure, unaingiza aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi inapotoka, mafuta, ukubwa wa injini, kinakupa thamani wanayoitambua wao na kodi yote. Elewa neno hilo, thamani wanayoitambua wao. Usije ukadhani ukipata gari ya bei ya kutupa na kodi itakuwa ya kutupa, wao wana kanzidata yao ya thamani na ndo wanayoanzia. Watu wengi wanavunjika moyo hapo kwa sababu walipiga hesabu kwa risiti ya muuzaji.

Hesabu yenyewe inavyopandana, nitatumia thamani ya dola 3,000 ili iwe rahisi kufuata, hiyo ni bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandarini. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo dola 750. Sasa una 3,750. Juu ya hiyo 3,750 unakuja ushuru wa bidhaa kulingana na injini, chini ya sisi 1,000 hakuna, kuanzia hapo mpaka 2,000 ni asilimia 5, kuzidi 2,000 ni asilimia 10. Sienta ni asilimia 5, dola 187.5. Halafu kuna huu tunaouita uchakavu, juu ya ile ile 3,750, gari yenye miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ikizidi 10 asilimia 30. Halafu VAT asilimia 18 inapiga juu ya vyote, gari na ushuru na uchakavu, yani unalipia kodi juu ya kodi. Kuna tozo ya reli na ada ya forodha, hizo ni ndogo, na ada ya usajili.

Kwa gari iliyozidi miaka kumi ukijumlisha hizo kubwa tu unapata dola 2,973. Umeona? Gari 3,000, kodi karibu 3,000. Gari ile ile ingekuwa haijafika miaka nane ungelipa 1,646. Tofauti yote hiyo ni umri, wala siyo injini wala siyo kilomita wala siyo rangi.

Mimi nikaingiza 2013. Mwaka ni 2023, gari ina miaka kumi kamili, haijazidi, asilimia 15. Nikaandika kwenye daftari, nikamtumia mjomba picha ya daftari, tukakubaliana, nikaenda benki nikatuma hela kwa profoma, ile ankara ya muuzaji, nikapewa ile karatasi ya swifti ya kuonyesha hela imetumwa, nikaituma kwa muuzaji, na siku chache baadaye gari ikapangiwa meli. Ilipakiwa Nagoya. Wiki kama tano hivi za kufuatilia meli kwenye ramani, watoto nao wakawa wanaamka asubuhi wanauliza imefika wapi, tukajifunza jina la Singapore na Bahari ya Hindi vizuri kuliko darasani. Karatasi za asili, ile bili ya mzigo na cheti cha kuuza nje, zikaja kwa posta ya haraka na mimi nikazituma Dar kwa wakala wa forodha, kijana mmoja mtulivu niliyeunganishwa na shemeji.

Meli ikiwa bado baharini akanipigia.

"Kaka, hii gari umepigia hesabu mwaka gani?"

Nikamwambia 2013.

"Kaka, chesi namba inasema Desemba 2012."

Aisee. Nilikuwa nimesimama soko kuu kwenye meza ya dagaa, nikamwomba arudie. Akanielekeza taratibu, kwamba ile namba iliyogongwa kwenye bodi ukiitafuta inakupa siku ya kiwandani, na kwamba Japani tangazo linaandika siku gari iliposajiliwa mara ya kwanza na mwenyewe, ule mwezi ilipopata namba, lakini huku kinachohesabiwa ni mwaka ilipotengenezwa kiwandani. Gari yangu ilitoka kiwandani Desemba 2012, ikapakiwa, ikakaa kwa muuzaji, ikasajiliwa Januari 2013. Wiki chache tu, lakini mwaka umebadilika, na kwa mwaka ule gari si ya miaka kumi tena, ni ya kumi na moja. Asilimia 30.

Na muuzaji hakudanganya. Hilo nilisumbuka nalo sana usiku ule, nikarudi kwenye tangazo nikakuta kweli imeandikwa pale juu kwa herufi ndogo kwamba hiyo ni tarehe ya usajili, na pembeni yake mwaka wa kutengenezwa wameweka kistari tu, hakuna kitu. Kile kistari nilikiona tangu mwanzo na sikukiuliza.

Kwa mfano wetu wa dola 3,000, kutoka asilimia 15 kwenda 30 ni dola 562.5, ukiongeza na VAT inayoipanda juu ni 663.75. Kwa dola ya wakati ule ni zaidi ya milioni moja na nusu. Mtu wa korosho anajua milioni moja na nusu ni kitu gani, ni kupalilia, ni salfa, ni waokotaji, ni ada ya mtoto.

Nikampigia mjomba, na niliogopa kumpigia. Nikamweleza yote, kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo kuna siku iliyozaliwa na kuna siku iliyoandikishwa."

Nikasema ndiyo mjomba.

"Sasa hapo kigumu nini? Mimi mama aliniambia nimezaliwa mwaka ule wazungu wanang'oa reli ya Nachingwea, lakini kitambulisho changu kimeandikwa tarehe moja mwezi wa kwanza, hiyo siku mimi naijua? Wameniandika wao. Ungeniuliza mimi kabla hujatuma hela, ningekwambia uulize ilizaliwa lini."

Na mpaka leo sijapata mtu aliyenieleza jambo hili vizuri kuliko yeye, ambaye hajawahi kuingia kwenye tovuti hata moja ya magari. Gari ina siku ya kuzaliwa na siku ya kuandikishwa, tangazo linakupa ya kuandikishwa na kodi inataka ya kuzaliwa. Basi. Kabla hujatuma hata senti mwombe muuzaji chesi namba nzima, zipo tovuti za kuitafsiri inakupa mwaka na mwezi, au mwambie yeye mwenyewe akuandikie kwenye meseji mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Ukiwa na gari mbele yako hata lebo ya chini ya mkanda wa siti mara nyingi inakuwa na mwaka. Tarehe za Januari, Februari na Machi ndo za kuziogopa zaidi, maana gari iliyosajiliwa Januari ni rahisi sana kuwa imetengenezwa mwaka wa nyuma yake.

Tena kuna mtego mwingine wa kalenda ambao ni wetu sisi, wa Mtwara na Lindi, mtu wa Moshi wala hauoni. Korosho zetu zinauzwa kuanzia Oktoba, hela zinaingia Novemba, Desemba. Kila mtu mwenye ndoto ya gari anaagiza Desemba. Meli inachukua mwezi na zaidi, gari inafika mwaka umegeuka. Gari uliyoipigia hesabu Desemba ikiwa na miaka kumi, Januari ikiingia bandarini ina kumi na moja, ikiwa saba imekuwa nane na uchakavu umeanza. Umelala maskini umeamka maskini zaidi na hujafanya kosa lolote zaidi ya kuagiza siku uliyopata hela. Kwa hiyo ukiagiza mwisho wa mwaka, kwenye kikokotoo usihesabu kwa mwaka uliopo, hesabu kwa mwaka itakaofika. Naomba hili mlishikilie jamani, na mwambie mwenzio pale chama cha msingi.

Hela ya kuongezea tuliipata kwa kuuza mbuzi wa mjomba wanne na mimi nikachukua mkopo wa kikundi. Sitaki kulizungumzia sana.

Bandarini sikukaa sana. Gari zinashushwa Dar, kule Gerezani kwenye gati la meli za magari, wakala anashughulika na karatasi, unapewa kontroli namba, yani namba ya malipo, unalipa mwenyewe benki au kwa simu, usimpe mtu hela ya kodi mkononi hata awe mtoto wa shangazi yako. Kuna malipo ya wenye meli, kuna ya bandari, na siku za kukaa bure pale ni chache, zikipita inahesabiwa kila siku, kwa hiyo hela ya kodi iwe tayari kabla meli haijatia nanga. Hapo ndo wengi wanapokwama, gari imefika, hela bado, na kila siku inaongezeka. Ikapita ukaguzi wa shirika la viwango, TBS, breki, taa, chini, ikawa salama.

Usajili unahitaji namba ya NIDA na namba ya mlipakodi, TIN, jina liwe moja kote, herufi kwa herufi. Mimi kwenye NIDA naandikwa majina matatu na karatasi za Japani niliweka mawili, ikachukua siku mbili za maelezo. Ukipata namba unachonga pleti kwa wale walioruhusiwa, ya njano kwa gari binafsi, nyeupe kwa ya biashara. Na hapa niseme na wale wanaotaka kuleta gari "ya familia" halafu ianze kubeba abiria Lindi na Mingoyo, hiyo ni biashara, ina pleti yake nyeupe, leseni yake ya LATRA, wale wa usafiri, na bima yake, ajali ikitokea na abiria wanaolipa kwenye gari ya njano hujui utasimama wapi.

Bima nikakata ile ndogo kwanza, ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga, gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT. Siku hizi iko kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, askari anaingiza namba ya gari kwenye simu anaona kama ipo hai, na wewe mwenyewe unaweza kuangalia hapo hapo dukani kabla hujaondoka, na uangalie kweli. Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari waliyokuwa wanabandika stika kiooni wazee wetu wakati ule ilifutwa tangu bajeti ya 2017, ikahamia kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo mtu asikuuzie.

Halafu matairi. Jamani matairi. Gari imekaa kule, imekaa melini, matairi yanang'aa yana kashata zote unaona mapya, lakini pembeni kuna namba nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yangu yaliandikwa 3814, wiki ya 38 mwaka 2014, miaka minane na kitu, mpira umekuwa kama kuni. Na mimi nina kilomita kama 560 mbele yangu kwenye joto la pwani. Nilibadilisha yote manne Dar hapo hapo, nikanunua na mtungi wa kuzimia moto na zile pembetatu mbili, nikaweka mafuta mapya ya injini. Hiyo hela iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, isije ikawa hela ya chakula.

Tukatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, mimi na mdogo wangu ambaye ni dereva wa siku nyingi. Kongowe, Mkuranga, Kibiti kumekucha, Ikwiriri tukanywa chai. Nilipoingia Daraja la Mkapa juu ya Rufiji nilipunguza mwendo, siyo kwa kibao, ni kwa moyo tu. Nikiwa mdogo kabla ya 2003 tulivuka pale kwa pantoni, magari yanapanga foleni, mvua ikija hakuna kwenda, na hata daraja lilipokuja bado kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60, kilikuwa kinameza mabasi siku nzima. Mama yangu aliwahi kulala kwenye matope pale na mtoto mgongoni. Leo nimepita na gari yangu yenyewe, lami moja, kiyoyozi kinafanya kazi. Nilitaka awepo aone.

Tulisimamishwa na trafiki mara tano mpaka Mtwara. Kadi, bima, leseni, mtungi, pembetatu, vyote vipo, "safari njema." Usiendeshe na karatasi za nakala tu ukiwa na gari mpya ya namba mpya, maana kila mtu ataitaka. Na kwenye vijiji, hamsini ni hamsini, tochi za kupima mwendo zipo, faini ni 30,000 kwa kosa, Nangurukuru na Kiranjeranje tulipita tunatambaa kama msafara wa harusi. Samaki wa kukaanga tulinunua Somanga, mafuta yakamwagika kwenye kapeti la Japani, harufu ipo mpaka leo.

Tulipofika Mikindani, unashuka unaiona bahari ile ya ndani na mashua zake, jua linazama, nikawaza jambo ambalo huwa naliwaza kila nikipita pale. Mbele yetu kuna bandari ya Mtwara, yenye kina cha asili, ilijengwa wakati wa ule mpango wa karanga wa Waingereza kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950, reli yenyewe ya kuleta karanga kutoka Nachingwea ikaja kung'olewa lakini bandari ikabaki, na juzi juzi imeongezewa gati la mita 300. Korosho zetu zinatoka pale, saruji, makaa ya mawe. Gari yangu imepita kwenye maji yale yale ya Bahari ya Hindi ikaenda kushuka Dar, halafu nikairudisha kusini kwa barabara siku nzima. Natamani kwa moyo wote nije nione siku meli ya magari inafunga kamba Mtwara, na mzee wa Newala au Masasi anakuja kuchukua gari yake asubuhi na jioni anarudi kulala kwake.

Maana ile barabara ndo tegemeo letu na ni moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata pale Somanga, rafiki yangu wa Lindi alikuwa ameshatoa gari bandarini, pleti imefungwa, ameshika funguo mkononi, akakaa Temeke kwa dada yake anasubiri barabara irudi. Wengine walizunguka Songea na Tunduru. Pigia hesabu za masika pia.

Gari ilipofika nyumbani ilibaki kuizoesha huku kwetu. Sienta iko chini, barabara za vumbi za kwenda mashambani zinagonga, fundi akaweka spesa mbele na nyuma ikanyanyuka kidogo, kidogo tu, ukizidisha unakula shafti. Gia yake ni CVT, ina mafuta yake maalum, na hapa nasema kwa herufi kubwa moyoni mwangu, fundi akitaka kukuwekea mafuta ya gia otomatiki ya kawaida kwa sababu "ni yale yale", ondoka na gari yako. Redio ilikuwa haishiki stesheni zetu nyingi, kwa sababu Japani FM yao imeanzia 76 ikaishia huko kwenye 90, kuna kifaa kidogo cha kubadilisha masafa, elfu chache. Na kuna sauti ya mwanamke, ukiwasha gari anasema sentensi nzima ya Kijapani kwa adabu, kumbe anakumbusha uingize kadi ya kulipia barabara za kule. Fundi alitaka kuing'oa, watoto wakalia, ikabaki. Bibi yao akipanda kila mara anamwitikia.

Mjomba alikuja kuiona baada ya wiki mbili. Aliomba kadi kabla hajaomba funguo, akavaa miwani, akasoma kwa kidole mpaka alipofika penye mwaka wa kutengenezwa, 2012, akagonga pale na kidole mara mbili, akakunja, akanirudishia.

Sasa hivi namsaidia jirani yangu, mwalimu, naye anataka Sienta. Ameipata moja nzuri, nyeupe, alama 4.5, kilomita chache, tangazo linasema 2015/2, na kwa mwaka huu wa 2025 hiyo ingekuwa ndani ya miaka kumi. Alikuwa ameshajaza fomu ya benki. Nikamwambia mwalimu, subiri, omba chesi namba. Juzi usiku ikaja, tukakaa naye barazani tukaitafuta, tochi ya simu juu ya daftari.

Novemba 2014.

Akafuta lile tangazo kwenye simu yake pale pale, akanisogezea simu, akasema haya, tuanze upya. Tumeshaona nyingine mbili, tunasubiri muuzaji ajibu.